Kibali cha Daraja

Mvua iliyolichukua daraja letu ilinyesha mwezi wa Agosti, ngano ikiwa imeshavunwa lakini haijasagwa. Asubuhi tulikuta nguzo mbili tu zimebaki katikati ya mto, na magogo yamekwenda kukwama huko chini, kwenye shamba la mjane Penniman. Kinu cha kusagia kilikuwa ng'ambo. Kanisa, nyumba ya baba yangu na nusu ya mji wa Ashbrook vilikuwa upande wetu. Mwenye kinu, mhunzi na nusu nyingine walikuwa upande ule.

Mwaka mwingine wowote jambo hilo lisingetupa shida. Tangazo lingebandikwa mlangoni mwa kanisa, wanaume wangekutana humo humo kanisani, wangebishana kutwa nzima, na jioni kila mtu angejua nani analeta magogo, nani analeta maksai, na nyumba ya nani itawapikia mafundi. Ndivyo lilivyojengwa daraja la kwanza. Ndivyo tulivyomwajiri mchungaji na mwalimu, na ndivyo ilivyoamuliwa mtu atozwe nini nguruwe wake wakiingia shamba la jirani. Mimi ni mwanamke, sikuwa na kura, lakini nilikulia katika kelele za mikutano hiyo, maana aliyekalia kiti cha mwenyekiti miaka yote alikuwa baba yangu, Ozias Thorne.

Mwaka ule, wa elfu moja mia saba sabini na nne, sheria mpya ilikuwa imefika kutoka London. Watu wa Boston walikuwa wamemwaga shehena ya chai baharini, na Bunge la London likaona jimbo zima la Massachusetts litiwe adabu. Mji usikutane zaidi ya mara moja kwa mwaka bila kibali cha gavana, na ukipewa kibali usizungumze ila lile ulilopewa. Wajumbe wa Baraza la jimbo, ambao wawakilishi wetu walikuwa wakiwachagua, sasa wangeteuliwa na mfalme. Hata watu wa kukaa mahakamani kuamua kesi za majirani zao wangechaguliwa na sherifu, afisa mkuu wa kaunti.

Baba alikuwa jaji wa kaunti, na katika lile Baraza jipya jina lake lilikuwamo. Hakulitafuta. Waliliweka kwa sababu kila mtu alimheshimu, na aliyemheshimu kuliko wote alikuwa mume wangu Zadok, aliyepigana na Wafaransa chini yake tangu hajaota ndevu vizuri.

Jumapili baada ya mafuriko tulikula kwa baba. Quaco, mtumwa wake, alileta maharage na nyama ya nguruwe, na baba akasema, "Nitamwandikia gavana atupe kibali. Ni mtu anayeelewa. Daraja siyo siasa."

"Ndivyo ninavyosema na mimi, baba," Zadok akajibu. "Daraja siyo siasa. Sasa kwa nini tumwombe yeye?"

"Kwa sababu ni sheria."

"Waliotunga sheria hiyo, yupo hata mmoja aliyewahi kuuona mto huu?"

"Na Wafaransa walipokuwa wakituchomea nyumba, ulimuuliza mtu kama ameuona mto? Walileta jeshi, Zadok. Ulikula biskuti za mfalme pamoja na mimi."

"Nilizila. Zilikuwa na wadudu."

Baba alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Alimpenda sana mkwe wake. "Haya, niambie ukweli," akasema. "Ni chai yao hiyo imekukaa rohoni?"

"Chai mimi sinywi, inanipa kiungulia. Kodi nayo si kitu, nimelipa kubwa kuliko hiyo. Lakini daraja, baba! Wewe ndiye ulitufundisha kwamba mtu akiwa na neno asimame kanisani aliseme. Leo nisisimame kulisema mpaka mtu wa Boston anipe ruhusa, naye kapewa ruhusa na mtu wa London?"

"Subirini barua ijibiwe," baba akasema.

Tukasubiri. Quaco alipeleka barua kwa farasi, akarudi mikono mitupu, akatumwa tena. Mavuno yalikuwa ghalani na kinu tunakiona kwa macho. Watu walianza kuvukia kwenye maji machache upande wa juu. Siku Zadok alipojaribu na gari la maksai, gurudumu moja liliingia shimoni, gari likalala ubavu, na magunia yakaingia mtoni. Tuliokoa maksai. Ngano ile ilikuwa ya kula majira ya baridi. Zadok alirudi nyumbani ameloa hadi kichwani, akakaa karibu na moto mpaka usingizi ulipomchukua pale pale kitini.

Majibu yalipofika, baba aliyasoma mwenyewe mlangoni mwa kanisa baada ya ibada. Angeweza kuyaficha, hakuwa mtu wa namna hiyo. Karani wa gavana alishukuru kwa barua. Akaomba aelezwe ni kwa nini daraja haliwezi kujengwa bila mkutano, na akina nani wanatazamiwa kusema katika mkutano huo, na wana sifa gani.

Halafu Eliphalet Crane, mwenye nyumba ya wageni, mtu mnene asiyeweza kukaa na utani moyoni, akasema, "Mwambie nitasema mimi. Sifa yangu ni kwamba nikianza kusema watu wanalala. Hakuna uasi utakaotoka hapo."

Walicheka, na baba akatabasamu kidogo. "Gavana ana mambo mengi," akasema.

"Basi hili moja atuachie sisi," mtu akajibu kutoka nyuma, na huyo hakuwa akicheka.

Aliyevumbua njia ni Eliphalet. Alikumbuka kwamba mkutano wa mwezi Machi, ule wa kila mwaka ambao sheria yenyewe iliuruhusu, ulifika jioni watu bado wanagombania nguruwe, na haukufungwa. Uliahirishwa tu. Juma lililofuata wanaume wakajaa kanisani, nasi wanawake tukasimama madirishani, maana joto lilikuwa kali na madirisha yalikuwa wazi. Watumwa na vibarua walikaa juu, kwenye roshani ya kanisa, mahali pao pa kila siku.

"Hatujaitisha mkutano mpya," Eliphalet alisema kwa sauti ya mtu mnyoofu. "Tunaendelea na ule wa nguruwe. Uliahirishwa na mwenyekiti. Nani alikuwa mwenyekiti?"

Vichwa vyote vikamgeukia baba.

Baba alisimama. Alikuwa amekuja kwa sababu hakujua namna ya kutokuja. "Niliahirisha, ni kweli," akasema. "Sikuahirisha mpaka mavuno. Hii ni hila, Eliphalet, na wewe unajua, na mimi ninajua. Leo mkiivunja sheria msiyoipenda, kesho mwingine ataivunja ile mnayoipenda, na hapo mtamwendea nani? Mimi nimekula kiapo. Kiti hiki sitakikalia. Nawaomba, kila mtu arudi kwake, nami nitaandika tena."

Hakuna aliyeinuka. Baba alingoja kidogo, akachukua kofia yake, akatoka. Alipita karibu na dirisha langu na hakuniona.

Kiti kikabaki kitupu mbele ya watu. Walitaja jina la mmoja, akakataa. Wa pili akasema mkewe mgonjwa. Mwishowe wakamtaja Zadok, naye kabla hajafungua mdomo wenzake wakamsukuma mbele. Alikalia ukingo wa kiti kile kama mtu anayengoja kung'olewa jino.

Neno la daraja liliamuliwa upesi. Magogo ya mwaloni kutoka kwa huyu, mawe kutoka kwa yule, maksai wa Zadok, mapipa mawili ya pombe ya matufaha kutoka kwa Eliphalet. Wangeweza kwenda zao. Lakini shemasi Hallet, mzee ambaye sikuwahi kumsikia akisema katika mkutano, alisimama akishikilia kiti cha mbele yake.

"Nina kesi ya mpaka wa shamba," akasema. "Mahakama inakaa mwezi ujao. Watu watakaoniamulia wamechaguliwa na sherifu, na sherifu kateuliwa na gavana. Baba yangu alikifyeka kile kiwanja. Mimi nimezika watoto pale. Mtu anayeweza kunizuia nisizungumzie daraja, atashindwa nini kuninyang'anya shamba?"

Nadhani hapo ndipo jambo lilipogeuka. Mambo ya Boston yalikuwa mbali na sisi, watu wa vilimani, na wengi tuliwaona watu wa kule kuwa wenye fujo. Lakini shamba kila mtu alikuwa nalo. Walibishana mpaka ng'ombe wakaanza kulia wakidai kukamuliwa, na walipotoka walikuwa wamekubaliana kwenda na watu wa miji mingine kuizuia mahakama isikae. Bila bunduki, Zadok alisisitiza. Wakalipigia kura na hilo pia.

Siku ya mahakama nilikataa kumwacha baba aende peke yake. Zadok alikuwa ametangulia kwa miguu na wenzake. Mimi nilipanda gari la baba, Quaco akashika hatamu, na njiani baba alizungumza habari za matufaha tu.

Tulipofika mji wa mahakama tulikuta wanaume wamepanga mistari miwili barabara nzima, kila mji mahali pake, kutoka nyumba ya wageni mpaka mlango wa mahakama. Walikuwa maelfu. Kilichonitisha ni kwamba hawakupiga kelele. Majaji walikaa ndani na wajumbe wa miji, wakivutana juu ya maneno ya karatasi ya kujiuzulu. Baada ya muda mrefu wakatoka, vichwa wazi, kofia mkononi, baba akiwa wa tatu. Kila mmoja alitakiwa apite katikati ya mistari akisoma kwamba ameacha kazi aliyopewa na mfalme chini ya sheria mpya, na kwamba hataishika tena.

Waliosimama mbali hawakusikia, kwa hiyo majaji walisoma tena mbele ya kila mji. Baba alikuwa na sauti nzuri kanisani, lakini siku ile ilizidi kukauka. Mimi nilifuata nyuma ya mstari, nikipita migongoni mwa watu. Alipofika mbele ya watu wa Ashbrook, Zadok alikuwa amesimama mbele yao.

"Sisi tumesikia," Zadok akasema. "Pita, baba."

"Hatujasikia," sauti ikatoka nyuma yake. "Asome kama alivyowasomea wengine."

"Huyu ni mzee. Koo limemkauka."

"Apewe maji, halafu asome."

Zadok akawageukia. Aliwajua wote, wengine walikuwa wamelala hema moja naye vitani, chini ya mtu huyo huyo. Akafungua mdomo, na baba akamshika mkono.

"Wewe ni mwenyekiti wao," baba akasema polepole. "Waulize wanataka nini."

Zadok akawageukia tena. Akauliza nani anataka asome. Mikono ikapanda, mingi, nikaona mkono wa shemasi Hallet na mkono wa Eliphalet ambaye baba alimsimamia ubatizo wa mwanawe. Akauliza nani anataka apite. Ikapanda michache.

"Soma, baba," Zadok akasema, na hakumtazama.

Baba akasoma. Aliitamka kila herufi.

Siku ile niliwachukia wote, na mume wangu nikamchukia zaidi. Tulirudi nyumba moja, nikampikia, nikamfulia, ila neno halikutoka mdomoni mwangu siku nyingi. Nilipolitoa lilikuwa swali.

"Ungeinua mkono upande gani?"

"Mwenyekiti hainui mkono."

"Sikukuuliza hilo."

Akafikiri. "Apite," akasema. "Na ningeshindwa."

Baba alikaa Ashbrook mpaka majani yalipoanza kugeuka rangi. Hakuna aliyemgusa. Ila watu waliokuwa wakija kwake kuuliza habari za mirathi na mipaka hawakuja tena, na waliokutana naye barabarani waliangalia kwanza nani anawaona ndipo wamsalimie. Aliamua kwenda Boston, kwenye askari wa mfalme. Nilikwenda kumsaidia kufunga masanduku.

"Kwa nini uliukubali ule ujumbe wa Baraza?" nikamuuliza. "Ulijua watu watakavyouona."

"Nilidhani nikiwa ndani nitawasemea ninyi." Alikuwa akikunja koti lake la zamani la vita. "Barua ya daraja niliiandika mimi, mjumbe wa Baraza la gavana mwenyewe. Nikajibiwa na karani."

"Basi unaona wana haki."

"Naona wamechoka. Kuchoka na kuwa na haki ni vitu viwili, Azubah." Akafunga sanduku. "Lakini sina hakika na hilo kama zamani."

Alipomwita Quaco apakie na mzigo wake, waondoke pamoja, Quaco alisimama uani bila kusogea. Alikuwa mtu wa makamo, amekaa nyumbani kwetu tangu mimi sijaolewa.

"Bwana," akasema, "siku ya mkutano nilikuwa kule juu. Walisema mtu anayeamuliwa mambo yake bila kuulizwa huyo ni mtumwa. Mimi sijaulizwa."

Baba akamgeukia. "Haya, ninakuuliza. Unakwenda na mimi?"

"Siendi."

"Basi baki," baba akasema, akapanda, akashika hatamu mwenyewe.

Ningependa kusema mji ulimpokea Quaco kulingana na maneno uliyoyasema mkutanoni. Alikwenda mkutanoni kuomba atambuliwe kuwa mtu huru, kwa heshima zote, na wakamwambia jambo lake ni zito, linataka kufikiriwa. Likaahirishwa, likaahirishwa tena. Zadok aliona haya, lakini haya yake haikumsaidia Quaco kitu. Majira ya baridi yalipokwisha alifunga mzigo wake, akaenda kufanya kazi kwenye tanuri la chuma kaunti nyingine. Nilisikia baadaye kwamba alijiandikisha jeshini na akapata karatasi yake ya uhuru huko.

Daraja lilimalizika kabla theluji haijaanguka, na unga ukavuka. Mkutano uliendelea kukaa kila ulipotaka. Hakuna aliyeandika tena barua ya kuomba kibali, na hakuna aliyekuja kutuuliza. Aprili habari zikafika kwamba askari wamewapiga watu risasi huko karibu na Boston, na wanaume wetu wakaondoka asubuhi ile ile na bunduki. Zadok alikwenda pamoja nao. Alirudi mwaka wa pili, vidole vya mguu mmoja vimekatwa kwa sababu ya baridi. Hati ya kutangaza uhuru ilipokuja kusomwa kanisani, watu walisikiliza kwa adabu na kurudi mashambani, kwa kuwa nyasi zilikuwa zimekatwa na mawingu yalikuwa yakijikusanya. Mjane Penniman aliniuliza kama kuna jipya lililosomwa. Nikamwambia silioni.

Baba alipelekwa na meli za mfalme mpaka Halifax, huko kaskazini kulikobaki kwa mfalme. Alifia huko kabla ya amani. Kaburi lake sijaliona.

Vita vilipokwisha ikabaki nyumba yake. Jimbo liliutaka mji useme: nyumba ya Ozias Thorne iuzwe kama mali ya adui, au iachwe kwa bintiye. Zadok hakuwa tena mwenyekiti, hivyo aliweza kusema. Nilisimama dirishani mwa kanisa, mahali pangu pa zamani. Hakuwa msemaji mzuri. Alisema mzee yule aliwaongoza miaka mingi bila kumwibia mtu, hakumwinulia mtu silaha, na kwamba mke wake yeye amekaa hapa vita vyote akifuma soksi za askari wao. Alikaa chini akajifuta jasho. Kura zikapigwa. Iuzwe.

Hakuja dirishani. Alikwenda zizini kwanza, nikamsikia akizungumza na maksai, halafu akaingia akaketi mezani.

"Tumeshindwa," akasema.

"Niliona." Nikamwekea chakula. "Na wewe unaridhika?"

"Siridhiki hata kidogo. Wamekosea." Alikata mkate, akanipa kipande changu kwanza. "Hallet kanipinga, Crane kanipinga. Kesho nitakwenda kwa Hallet nimwambie uso kwa uso kwamba amekosea. Mwakani nitalileta tena."

"Itakuwa imeshauzwa."

"Najua."

Tulikula. Baadaye akaniuliza ni vitu gani vya mama yangu vilikuwa bado mle ndani, kwa sababu kesho yake bado tulikuwa na ruhusa ya kuingia. Nikamwambia: kitanda cha kufumia, sahani za bati, na kile kioo chenye ufa. Asubuhi alifunga maksai mapema, nasi tukaenda kuvichukua.